Miligramu 500 za nini? Mwongozo kamili wa kupima kurkumini kwenye unga wa manjano

Kipimo kilikuwa kikombe kimoja, shilingi 500. Mwaka 2011, msururu wa magari ulipopita Arusha kwenda Samunge kwa Babu wa Loliondo, sikumsikia mtu akiuliza kikombe kile cha dawa ya mti wa mugariga kina miligramu ngapi za nini. Siku hizi dawa za mitishamba ziko madukani, kwenye makopo na kapsuli, na lebo inasema "miligramu 500". Za nini? Mara nyingi ni za unga mtupu. Mnunuzi anazisoma kama miligramu za dawa, na muuzaji hana haraka ya kumsahihisha.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara hapa Moshi. Mama mmoja wa Kiboriloni anayesaga manjano na kuyajaza kwenye kapsuli aliniletea makopo mawili akasema, "Mwanangu, wateja wanalalamika. La mwezi huu halina nguvu kama la mwezi uliopita. Wanasema kweli au wanataka nipunguze bei?" Mwongozo huu ni njia niliyoipita kumjibu. Nimechagua manjano kwa sababu kiambato chake kikuu, kurkumini, kina rangi, na kitu chenye rangi hupimika kwa mashine ya bei ya kadiri. Ukiyaweza manjano, mimea mingine utaijia ukiwa na mkono uliozoea.

Unachopima na usichopima

Rangi ya manjano inatokana na ndugu watatu wa kikemia: kurkumini yenyewe, demethoksikurkumini na bisdemethoksikurkumini. Kwa pamoja huitwa kurkuminoidi. Spektrofotomita, mashine inayopima myeyuko unafyonza mwanga kiasi gani, haiwatenganishi; inawahesabu wote kana kwamba ni kurkumini. Kwa hiyo andika kwenye ripoti "kurkuminoidi zote, zikihesabiwa kama kurkumini". Ukiandika "kurkumini" peke yake umeongeza chumvi.

Jambo la pili ni kwamba namba utakayoipata ni kiashiria cha ubora. Haisemi kwamba dawa inaponya. Inasema toleo hili, yaani mzigo huu, linafanana na lililopita, na ikiambatana na majaribio nitakayoyataja mbele, kwamba ulichonunua ni manjano kweli. Mtu akitaka ithibati ya kuponya, hilo ni suala la majaribio kwa wagonjwa, na hakuna mashine ya mezani itakayompa.

Vifaa

Utahitaji spektrofotomita inayofika nanomita 425 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Huo ni mwanga unaoonekana kwa macho, kwa hiyo kyuveti, yaani vichupa vya kuwekea myeyuko ndani ya mashine, za kioo cha kawaida zinatosha. Usikubali kuuziwa za kwatsi kwa kazi hii. Utahitaji mizani inayosoma hadi gramu 0.0001, chupa za ujazo za mililita 100, pipeti ya mililita 5, chupa ya kuchemshia yenye kondensa (bomba la kupoza mvuke ili urudi chupani), karatasi za kuchujia, na tanuri ya kukaushia inayoshika nyuzi 105. Spiriti ya dukani iliyotiwa rangi haifai hata kidogo, maana utakuwa unapima rangi ya spiriti. Tumia ethanoli safi ya maabara.

Fedha zikiwa chache, zitie kwenye mizani kabla ya mashine. Nimeona spektrofotomita nzuri imekaa juu ya meza pamoja na mizani ya kupimia dhahabu inayosoma gramu 0.01. Ukipima robo gramu kwa mizani hiyo, kosa la tarakimu ya mwisho peke yake ni asilimia 4, na mashine ghali haiwezi kulifuta.

Kuchukua sampuli

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na hapa ndipo nitakapokaa kwa muda.

Kopo moja si toleo. Mama wa Kiboriloni alikuwa na magunia sita, mimi nikaanza kwa kupima makopo mawili. Nikapata tofauti kubwa, nikakaribia kumwambia arudishe mzigo kwa aliyemuuzia. Bahati nzuri nilisita, nikaenda kwake kuchukua sampuli upya.

Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani kwa mimea ya dawa ni mwepesi kukumbuka: vifurushi vikiwa 5 au pungufu, chukua kutoka kwenye vyote, vikiwa 6 hadi 50, chukua kutoka vitano, vikizidi 50, chukua kutoka asilimia 10 ya vifurushi. Kila gunia unalolifungua, chota juu, katikati na chini. Unga mwepesi na unga mzito havikai pamoja gunia likisafirishwa. Barabara inachekecha kuliko chekeche lenyewe. Kijiko cha juujuu kitakupa jibu la kijiko.

Changanya ulichochota juu ya karatasi safi, tengeneza mviringo bapa, ugawe robo nne kama unavyokata chapati. Tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, gawa tena. Endelea hadi ubakiwe na gramu 100 hivi. Zigawe mara tatu: za kupima, za kuhifadhi, na za kupeleka maabara nyingine ukitokea ubishi. Funga kwenye chupa za kahawia au zungushia karatasi ya fedha ya jikoni. Kurkumini huharibiwa na mwanga.

Ukiweza, nunua manjano mazima, siyo unga. Tunguu la manjano unalivunja na kuliona ndani; unga unauamini kwa mdomo wa muuzaji. Na kwa mmea mwingine wowote usioujua vizuri, peleka tawi lenye majani na maua Ngaramtoni, kwenye hebaria ya taifa, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, wakutajie jina lake la kisayansi kabla hujapima chochote. Jina la Kichaga la kijiji kimoja linaweza kuwa la mti mwingine kijiji cha pili.

Maji na mchanga

Pima gramu 2 hadi 5 za unga kwenye kisahani kilichokwisha kukaushwa na kupimwa. Weka tanurini nyuzi 105 kwa saa tatu, ipoze ndani ya chombo chenye vidonge vya kukausha hewa, pima, rudisha saa moja, pima tena. Uzito usipobadilika umemaliza. Uzito uliopotea, gawanya kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100.

Manjano yana mafuta yanayoruka, nayo huondoka pamoja na maji, kwa hiyo tanuri hukuonyesha unyevu mwingi kuliko uliopo. Wenye vifaa hupima maji yake kwa kuyatonesha. Kwa kulinganisha toleo na toleo, tanuri inatosha mradi usibadilishe njia katikati ya safari.

Majivu ni kazi fupi: choma gramu 2 kwenye tanuri ya nyuzi 500 hadi 600 mpaka weusi uishe, pima. Kisha chemsha majivu hayo na asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, chuja, choma karatasi, pima tena. Kisichoyeyuka ni mchanga. Manjano yaliyoanikwa chini hujitaja yenyewe hapa.

Kukamua

Pima gramu 0.25 za unga uliochekechwa laini. Haihitaji kuwa 0.2500 kamili, inahitaji uandike ilivyo, kwa tarakimu zote nne. Tia kwenye chupa ya kuchemshia, ongeza mililita 30 za ethanoli, funga kondensa na ufungulie maji ya kupozea. Chemsha polepole kwa saa mbili na nusu. Tumia jiko la umeme lililofunikwa au maji ya moto. Mkaa na gesi viwe mbali kabisa: mvuke wa ethanoli hutambaa mezani na kuutafuta moto wenyewe.

Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa usawa wa bahari. Huko ethanoli huchemka nyuzi 78; Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, huchemka chini ya hapo, na maji nayo huchemka karibu nyuzi 95. Kwa hiyo usishangae chombo kuchemka mapema, wala usidhani kimeshaiva. Njia ya kujua ni moja: chuja, kisha kamua masalia mara ya pili kwa ethanoli mpya. Ethanoli ya pili ikitoka na rangi ya maana, muda wako ulikuwa mdogo. Ongeza nusu saa na ujaribu tena. Umeme ukikatika katikati, usihesabu muda wa giza. Anza upya na sampuli mpya kama kondensa ilikaa bila maji, kwa maana sehemu ya ethanoli imeondoka.

Chuja ukiwa bado uvuguvugu, uingie chupa ya mililita 100. Suuza masalia na karatasi kwa ethanoli kidogokidogo hadi maji ya suuza yawe meupe. Acha chupa ipoe hadi joto la chumba ndipo ujaze mpaka alama. Ethanoli hutanuka ikiwa moto. Ukijaza ikiwa moto, kesho myeyuko utakuwa umeshuka chini ya alama na jibu lako limepanda.

Kutoka hapo chukua mililita 5 kwa pipeti, tia kwenye chupa nyingine ya mililita 100, jaza ethanoli. Umezimua mara 20. Wengine huchukua mililita 1 kwenye 25 ili kuokoa ethanoli. Inafanyika, ila tone moja likibaki kwenye ncha ya pipeti ya mililita 1 linakugharimu mara tano ya lile la pipeti ya mililita 5. Mimi huokoa ethanoli kwingine.

Kusoma na kupiga hesabu

Washa mashine nusu saa kabla. Weka nanomita 425, tia ethanoli tupu kwenye kyuveti, iweke sifuri. Soma sampuli. Ufyonzaji, yaani namba ya mwanga uliozuiwa na myeyuko, ukiwa kati ya 0.2 na 0.8 uko mahali pazuri. Ukizidi, zimua zaidi. Usiuamini usomaji wa 1.9 kwa sababu tu mashine imeuandika.

Kurkumini ndani ya ethanoli ina namba yake inayojulikana: myeyuko wenye gramu 1 kwa mililita 100, kwenye kyuveti ya sentimita 1, unahesabiwa kuwa na ufyonzaji wa 1607. Hivyo gawanya usomaji wako kwa 1607, upate gramu kwa mililita 100 za myeyuko uliozimuliwa.

Mfano. Unga gramu 0.2512, umezimuliwa mara 20, mashine imesoma 0.585, unyevu asilimia 9.4.

0.585 ÷ 1607 = 0.000364.
Zidisha kwa 20: gramu 0.00728 kwenye chupa ya kwanza ya mililita 100.
Gawanya kwa 0.2512, zidisha kwa 100: asilimia 2.90 ya unga ulivyo.
Ondoa maji: 2.90 ÷ 0.906 = asilimia 3.20 ya unga mkavu.

Tazama hatua ya mwisho. Bila kuondoa maji, gunia lililolowa mvua ya masika huonekana dhaifu kumbe limebeba maji tu. Ripoti isiyotaja kama asilimia ni ya unga mkavu au wa hivyohivyo, irudishe kwa aliyekuandikia.

Namba 1607 inachukulia kwamba mashine yako ni timamu. Hakikisha kwa kurkumini rejea, ile ya kulinganishia: tengeneza miyeyuko ya miligramu 1, 2, 3, 4 na 5 kwa lita na uichore kwenye grafu. Mstari unyooke, na ule wa miligramu 3 usome karibu 0.48. Ukisoma 0.40, shuku vitu viwili: nanomita za mashine zimehama, au kurkumini yako si safi. Soma chupa yake vizuri. Kurkumini nyingine za maabara ni mchanganyiko wa wale ndugu watatu na takataka kidogo, na asilimia ya usafi imeandikwa kwa herufi ndogo.

Rudia kazi nzima mara tatu kuanzia mizani. Kusoma kyuveti moja mara tatu hakuhesabiki, maana hapo unaipima mashine tu. Ukipata 3.20, 3.14 na 3.25, wastani ni 3.20 na mtawanyiko ni asilimia 1.7 ya wastani. Mimi huridhika chini ya 3. Ikizidi, narudi kwenye kuchanganya na kuchekecha kabla sijailaumu mashine.

Namba ikiwa nzuri mno

Famakopia ya Marekani, kitabu chao cha viwango vya dawa, inadai manjano yasipungue asilimia 3 ya kurkuminoidi kwenye unga mkavu. Yapo manjano ya 2 na yapo ya 5. Siku moja nilipata 7 na ushee kutoka kwa unga wa bei ya kutupa. Nilifurahi kwa dakika kumi hivi, na aibu yake ninayo hadi leo. Ilikuwa rangi ya viwandani. Mashine haijui manjano; inajua kitu kinachofyonza mwanga wa nanomita 425.

Kwa hiyo fanya majaribio mawili ya mezani. Kwanza, tone la magadi yaliyoyeyushwa juu ya unga: manjano hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Usipoona mabadiliko, huna manjano ya kutosha. Pili, tikisa unga kwenye maji kidogo, ongeza matone ya asidi kali ya hidrokloriki ukiwa umevaa glavu na miwani. Rangi ya waridi ikitokea na kupotea ukiongeza maji, ni manjano yenyewe. Ikibaki kung'ang'ania, hiyo ni rangi iitwayo metanili njano.

Wenye uwezo wafanye kromatografia ya bamba jembamba, njia ya kutenganisha viambato juu ya bamba: bamba la silika, klorofomu sehemu 95 kwa methanoli sehemu 5, ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta hewa. Manjano hutoa madoa matatu ya njano yaliyopangana, kurkumini ikiwa juu. Doa la nne lenye rangi kali ni mgeni ambaye hakualikwa.

Kuna udanganyifu ambao hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachouona vizuri: kromati ya risasi. Hung'arisha unga na kuongeza uzito, haiyeyuki kwenye ethanoli, kwa hiyo haipandishi usomaji wako. Watafiti waliikuta kwenye manjano ya Bangladesh na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Majivu yakizidi bila mchanga kuzidi, acha kubahatisha na upeleke sampuli ipimwe metali nzito. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mimea ya dawa ni miligramu 10 za risasi na 0.3 za kadmi kwa kilo. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina maabara ya Kanda ya Kaskazini Arusha, hakuna haja ya kupanda basi la Dar. Tena dawa yako ikiwa njiani kwenda kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 2002, daftari lako la nyumbani halichukui nafasi ya maabara ya serikali. Linakusaidia usiende huko kukutana na mshangao.

Makopo ya Kiboriloni

Magunia sita, sampuli mpya kutoka matano. Manne yalikuwa kati ya 3.1 na 3.4, unyevu wa kawaida. Moja lilikuwa 2.2, na unyevu wake ulikuwa mdogo kuliko wote. Hilo lilinichanganya, maana nilitegemea gunia dhaifu liwe ndilo lenye maji. Nikamuuliza mama alilifanya nini. Akasema lilivujiwa na bati mwezi wa nne, kwa hiyo aliumwaga unga juu ya turubai akauanika juani siku nne, akaugeuza kila saa kwa uangalifu mkubwa. Uangalifu ule ndio uliouharibu. Kila alipogeuza alileta unga mpya kwenye jua. Kopo la mwezi huu lilitoka kwenye gunia hilo. Wateja walikuwa wanasema kweli.

Unga uliolowa kaushia kivulini penye upepo, au tanurini nyuzi 50, na ukikaa na unyevu zaidi ya siku moja ufikirie ukungu kwanza kabla ya kurkumini. Gunia lile hakulichanganya na mengine, ingawa wastani ungempa 3 na kitu na ungepita. Nilimwonyesha hesabu hiyo, naye akanijibu kwamba mteja hali wastani, anakula kopo lake.

Mimea mingine

Usibebe njia hii kichwakichwa. Tangawizi ya Mamba Myamba kule Same ina kiambato kiitwacho jinjeroli, na ikikaushwa kwa moto sehemu yake hugeuka shogaoli, hivyo anayepima jinjeroli peke yake ataiona tangawizi kavu kama imekufa kumbe imebadilika. Kitunguu saumu kizima hakina kiambato kiitwacho alisini. Huzaliwa ukikiponda, na dakika unazosubiri baada ya kuponda ni sehemu ya kipimo. Majani ya mlonge watu wengi huyapima fenoli zote kwa kitendanishi cha Folin, rangi ya bluu, nanomita 765, yakilinganishwa na asidi ya galiki. Ni rahisi, lakini kitendanishi hicho huitikia pia vitamini C na baadhi ya sukari, kwa hiyo kitumie kulinganisha matoleo yako mwenyewe tu.

Atemisia, iliyowahi kulimwa nyanda za Arusha kwa ajili ya viwanda vya dawa za malaria, ndiyo inayowaumbua wenye spektrofotomita. Atemisinini, kiambato chake, haina rangi na hufyonza mwanga kidogo mno. Hiyo inataka kromatografia ya kimiminika ya shinikizo kubwa. Tafuta ushirikiano na chuo chenye mashine hiyo, na usiuze majani yake kama chai ya malaria, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani haliliungi mkono.

Daftari na chupa ya akiba

Andika kwa kalamu ya wino, siku ileile: namba ya toleo, magunia, aliyechota, uzito wote, usomaji wote hata uliokuudhi. Ukikosea piga mstari mmoja, usifute. Ile sampuli ya akiba iweke gizani, penye ubaridi, hadi muda wa matumizi wa toleo upite, na uipime tena kila miezi sita. Ya mama wa Kiboriloni iko kwenye kabati langu, chupa tano za kahawia, moja ikiwa na utepe mwekundu. Mwezi wa kumi nitazifungua.